Mgonjwa wa Unga Asifungiwe Mlango

Ziko nyumba ambazo kijana akinaswa na heroini hufukuzwa, wazee wakidhani aibu itamponya. Sisi twasema sivyo. Unga humfunga mtu mwili na akili. Akiukosa hutapika, hutetemeka, na viungo humwuma.

Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Lakini dawa hiyo yataka ndugu wa kumwamsha mgonjwa alfajiri, kumsindikiza, na kumpokea bila matusi. Fedha asikabidhiwe ovyo. Chakula na kazi asinyimwe. Akianguka tena, na arudishwe kliniki, asiachiwe kijiwe. Ndugu wafanyakazi, mlango uliofungwa haujamponya mtu.