Rangi ya Magurudumu ya Marehemu Mjomba



Wasomaji wapenzi, huenda mtastaajabu kumwona mtu wa kilemba akiandika habari za rangi ya magurudumu ya gari. Suala hili lilinijia kwa mlango wa mirathi, na katika mirathi hakuna jambo dogo.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto wanne, nyumba hapa Malindi, minazi kidogo na gari moja kuukuu. Gari lenyewe ni Land Rover ya 1964, ambayo aliinunua kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Vipingo. Kwa miaka mingi ilibeba maembe na nazi, kisha ikakaa chini ya banda la makuti mpaka kuku wakaifanya kiota. Mjane ana thumni yake, na kila mwana ana fungu lake, lakini gari halikatwi vipande kama nyama ya akika. Warithi wakakubaliana liuzwe, wagawane thamani.

Akapatikana mnunuzi wa Nairobi, mmoja wa wale wapendao kuyarudisha magari ya kale katika hali yake ya mwanzo. Watu hao wana maonyesho yao makubwa huko, Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu 1970. Akasema bodi ataishughulikia mwenyewe, lakini tukimpa magurudumu yaliyokwisha kusafishwa na kutiwa rangi ya asili, ataongeza bei. Akalitaja neno hilo "asili" mara mbili. Vijana wakasikia "kuongeza bei", mimi nikasikia "asili", nikajua hapa pana kazi.

Kwanza tuyatazame magurudumu yenyewe. Yalikuwa matano pamoja na la akiba, yamepakwa rangi ya fedha iliyobanduka kama magamba ya samaki, na chini yake kutu. Bodi haikuwa na kutu kama hiyo, na sababu yake inafaa kujulikana. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua na cha kawaida vyote vilipatikana kwa taabu. Waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na chuma kikabaki kwenye fremu, magurudumu na sehemu nyingine chache. Kwa hiyo upepo wetu wa chumvi huuacha mlango ukiwa mzima na kuyatafuna magurudumu.

Sasa rangi. Fundi alikuja na mkebe wa rangi ya fedha, akasema inang'aa na Wazungu wanaipenda. Kijana mmoja akataka nyeupe. Mwingine, msomaji wa mambo haya, akashikilia kijani, kwa hoja kwamba Land Rover za mwanzo zilitoka kiwandani magurudumu yakiwa na rangi moja na bodi. Hoja yake haikuwa ya uongo, ila ilihusu magari ya mwanzo. Baadaye, katika yale ya aina ya pili yaliyoanza 1958 na yaliyoyafuata, mengi yalikuwa na magurudumu ya rangi hafifu ambayo kiwanda kiliiita Limestone. Wenye Ford Model T wana raha: kuanzia 1914 hadi 1925 gari lilitoka jeusi, basi, hakuna ugomvi.

Tulipokuwa tukibishana barazani, mkaza mjomba akatuita mlangoni. "Wanangu," akasema, "haikuwa fedha, haikuwa kijani, wala haikuwa nyeupe. Ilikuwa rangi ya tui. Na si kasimile, ni tui la pili. Nimeyaosha magurudumu hayo kila Alhamisi jioni, mjomba wenu apate kwenda nalo msikitini Ijumaa likiwa safi."

Vijana wakacheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Mtu aliyeosha kitu kwa mkono wake miaka mingi ni shahidi, na sioni kwa nini ushahidi wake uwe chini ya wa fundi aliyeliona gari jana. Nikawaeleza pia maana ya hilo jina la kiwanda. Limestone ni jiwe la chokaa. Sisi wa pwani tukisikia chokaa tunafikiria weupe wa ukuta uliopakwa karibu na Idi. Lakini jiwe lenyewe kabla ya kuchomwa si jeupe. Nendeni Gede mkatazame kuta za matumbawe mahali lipu ilipoanguka. Kuna manjano kidogo ndani yake, na kijivu kidogo. Mkaza mjomba hajui Kiingereza, lakini alisema kile kile kilichosemwa na kiwanda.

Hata hivyo kumbukumbu hupimwa, hata ya mtu mwaminifu. Rangi ya asili hutafutwa pale ambapo jua na brashi havikufika: upande wa ndani wa rimu, sehemu inayobanana na kitovu cha gurudumu, na chini ya tairi. Tukavua matairi. Kisha tukachukua msasa laini uliolowa maji, tukasugua mahali padogo, upana wa sarafu ya shilingi 20, taratibu, bila kuchimba. Ukifanya hivyo kwa subira, matabaka hujitokeza kama duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Juu fedha, chini yake nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi hafifu ya tui, kisha praima ya kijivu, kisha chuma kitupu. Rangi iliyokaa juu ya praima ya kwanza ndiyo rangi ya kuzaliwa. Mkaza mjomba alikuja na miwani yake, akatazama, akasema "Alhamdulillah", akarudi jikoni.

Hapa nawageukia kina mama, maana jambo hili linawahusu kuliko mnunuzi. Rangi za enameli za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na risasi, madini yenye sumu, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba zilizo tumboni. Vumbi lake halina harufu ya kukutahadharisha. Msikubali fundi asugue rangi ya zamani kwa msasa mkavu uani penu, ikiwa ni ya gari, dirisha au kitanda cha chuma. Sisi tuliwahamisha wajukuu wakalala kwa shangazi yao siku tatu, tukasugua kwa maji, tukaziba pua kwa barakoa, na tope la rangi tukalikusanya juu ya karatasi ya nailoni badala ya kulimwaga chini ya mwembe ambako kuku hudonoa. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Kuipata rangi ile upya kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Dukani wanaweza kuchanganya kwa mashine, lakini mashine husoma kile ilichoonyeshwa, na rangi iliyozeeka huwa imegeuka manjano au imefifia. Tukaing'arisha kwanza ile sehemu ya ndani mpaka ukungu ukatoka, ndipo tukaichukua kuwa kipimo. Fundi akaanza na nyeupe, akaongeza manjano ya udongo tone kwa tone, na nyeusi kwa ncha ya kijiti. Kila mchanganyiko tulipaka kwenye kifuniko cha mkebe na kuuacha ukauke hadi kesho yake, kwa kuwa rangi mbichi na rangi kavu si moja. Kila anayepaka hina analijua hilo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchagua usiku chini ya taa. Asubuhi kile tulichokiona kuwa sawa kilikuwa na uwaridi. Mkaza mjomba akauliza kama sisi wanaume huwa hatununui leso: mwanamke haamini taa ya duka, huitoa leso mlangoni akaitazama kwa jua, tena huiweka kando ya nguo atakayoivaa nayo. Tukafanya vivyo hivyo, kifuniko kando ya mlango wa kijani, saa nne ya asubuhi. Wa tano ndio uliokubaliwa. Tukaomba pia mng'ao upunguzwe, kwani rangi za kisasa hung'aa kama kioo na zile za zamani zilikuwa na mng'ao wa hariri iliyovaliwa.

Lakini lile lililonipeleka kuandika makala hii lilitokea katikati ya kazi. Magurudumu matatu yalikuwa na matabaka yale niliyoyataja. Mawili hayakuwa nayo. Chini ya fedha yake kulikuwa na buluu, na hakuna tone la rangi ya tui. Yalikuwa ya gari jingine. Bila shaka mjomba aliyapata mahali baada ya yake kupinda. Kijana mmoja akasema, "Ami, tukishayapaka yote, nani atajua?"

Rangi yenyewe haina hukumu. Gari ni lako, ukipenda lipake zambarau. Jambo hubadilika pale unapomwambia mtu "hii ni asili" na yeye akatoa pesa kwa neno hilo. Nikawakumbusha kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasingizia mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Rangi mpya juu ya gurudumu la gari jingine ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi. Na katika fikihi mnunuzi aliyefichwa ila ana hiyari ya kurudisha bidhaa. Fikirini warithi wakirudishiwa gari baada ya mafungu kuliwa.

Tukayapaka yote matano rangi moja, lakini katika yale mawili tukaacha upande wa ndani kipande cha buluu bila kupaka, na nikamwandikia mnunuzi habari hiyo pamoja na picha. Akakaa kimya siku mbili, siku ndefu kwa mjane anayengoja thumni yake. Kisha akajibu kwamba atapunguza sehemu ya ile nyongeza, si yote. Kijana yule hakufurahi, na sijui kama amefurahi hadi leo.

Gari lilichukuliwa Jumamosi. Fundi alikuwa amekwangua rangi mahali nati zinapokalia na mahali rimu inapobanana na kitovu, kwa sababu rangi nene hapo hubonyea gari likitembea na nati hulegea. Kila gurudumu lina nati tano. Tulimwambia dereva asimame Kilifi, kiasi cha kilomita 60, azikaze tena. Alipiga simu kutoka huko baada ya adhuhuri: nati mbili za nyuma kushoto zilikubali robo mzunguko, nyingine zote hazikusogea.