Maji ya mfereji Mikindani: Yaulizie kabla ya kuyanywa

Na Mwandishi Wetu

MAJI yanaporudi mferejini baada ya siku kadhaa, jambo la kwanza analofanya mama wa nyumbani mtaani Mikindani ni kukimbilia ndoo. Ni wachache wanaokumbuka kuyachungulia. Kumbe maji hayo ya kwanza ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Sababu ni hii. Mombasa hunywa maji ya mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Maji hayo hayatoshi, hivyo hugawanywa kwa zamu. Bomba likijaa, maji huvuja kwenda nje. Likiwa tupu, uchafu wa mitaro na vyoo huingia kupitia nyufa zile zile. Hapo ndipo yanapotokea maradhi ya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, ambacho kilifika Mombasa katika mlipuko wa 2015.

Rekodi ziko wapi?

Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) huchapisha ripoti inayolinganisha kampuni za maji nchini, ile ya Mombasa ikiwemo. Ubora wa maji ni mojawapo ya mambo yanayopimwa.

Unapoisoma, jiulize mambo mawili: sampuli ngapi zilipimwa, na ngapi zilifeli? Kampuni inayopima mara chache haiwezi kujigamba kwamba haikupata kosa.

Viwango vyenyewe si vigumu kukumbuka. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hapatakiwi kuonekana hata kijidudu kimoja cha E. koli, ambacho ni dalili ya kinyesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lashauri klorini iliyosalia mferejini isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, unaweza kuandika barua kuomba matokeo ya vipimo vya mtaa wako, na ofisi ya umma inapaswa kujibu katika siku 21.

Funzo la Owino Uhuru

Wakazi wa Mikindani hawahitaji kwenda mbali kujua faida ya vipimo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi karibu na kijiji cha Owino Uhuru mwaka 2007 kilifungwa 2014, baada ya madini ya risasi kupatikana katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Rufaa ilitengua fidia hiyo, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Risasi ikiwa majini haionekani wala hainuki, na kuchemsha hakuiondoi. Moto huua vijidudu tu. Kwa hivyo usiteke maji ya kunywa kwenye kisima kilicho karibu na kiwanda, gereji au jaa la taka kabla hayajapimwa.

Kujikinga nyumbani

  • Maji yakirudi, yaache ya kwanza yatiririke hadi yatakate. Yakinge kwa kuoshea choo.
  • Maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote vizuri, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ngoja dakika 30.
  • Yahifadhi katika mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko. Usichovye kikombe wala mkono.
  • Maji ya mkokoteni yatibu vivyo hivyo, hata muuzaji akiapa ni ya mfereji.
  • Yakinuka au yakibadilika rangi, andika tarehe na saa, waulize majirani, kisha mwarifu afisa wa afya ya umma.

Malalamiko ya nyumba moja ni rahisi kupuuzwa. Ya nyumba ishirini, yenye tarehe, ni rekodi.