Historia ya Kanisa nyumbani: somo moja kwa watoto wa rika zote

"Mama, ina maana kabla ya Livingstone Mungu alikuwa hatujui?"

Swali hili aliniuliza kijana wangu mkubwa, mwenye miaka 14, jioni moja tulipokuwa tumekaa mezani pamoja na wadogo zake, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5. Nilikuwa nikiwafundisha historia ya Ukristo kwa vitabu vya kufundishia nyumbani vilivyochapwa Marekani, ambavyo rafiki alinipa. Vilikuwa na picha za kupendeza. Lakini tulipita Roma, tukaenda Ujerumani, tukapanda merikebu ya Mayflower mwaka 1620 pamoja na Waingereza waliohamia Amerika, na Mwafrika hakutokea mpaka Livingstone alipomkuta. Nilikaa kimya. Sikuwa na jibu, na niliona wazi kwamba kijana hakuuliza kwa utani.

Akina mama wenzangu, kijana anayeamini kwamba imani ni mali ya Wazungu anaweza kuiacha mara tu akiondoka nyumbani. Katika Waamuzi 2:10 tunasoma habari za kizazi kilichoinuka bila kumjua Bwana wala matendo yake, ingawa wazazi wao walikuwa wameyaona kwa macho. Yaliyokosekana ni masimulizi ya nyumbani.

Siandiki haya ili kuwashauri muwatoe watoto shuleni. Wako wazazi, hasa huko Marekani, wanaowafundisha watoto wao masomo yote nyumbani. Watoto wa wengi wetu wanakwenda shule, lakini jioni moja kwa wiki na siku za likizo tunaweza kuzipata. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wazazi wale vinaweza kutufaa sisi pia, mradi tujue kuvichagua na kuvitumia.

Kabla hujatoa fedha yako

Usivutwe na jalada. Kaa na kitabu angalau nusu saa, ujiulize maswali manne.

Kwanza, je, Afrika imo tangu mwanzo? Towashi Mkushi alibatizwa katika siku za mitume (Matendo 8:26–39). Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Mfalme Ezana wa Aksum, huko Ethiopia, aliupokea Ukristo katika karne ya nne. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, na mama yake, Monika, alimwombea miaka mingi kabla hajaongoka. Kama kitabu kinamtaja Augustino bila kusema kwamba alizaliwa Afrika, ujue mapengo yake utayaziba wewe mwenyewe.

Pili, je, kinasema kweli juu ya dhambi za Wakristo? Watu walioitwa Wakristo walinunua na kuuza watumwa, na Wakristo wengine walipigana na biashara hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Anglikana ambalo lipo hadi leo. Mtoto aelezwe pande zote mbili. Biblia haikuificha dhambi ya Daudi, nasi tusifiche. Kijana akija kugundua baadaye kwamba mama alimficha jambo, atayatilia shaka hata yale ya kweli.

Tatu, kinasemaje juu ya madhehebu mengine? Fungua sura ya Matengenezo ya Kanisa, yaliyoanza mwaka 1517, uisome yote. Mwandishi anaweza kueleza tofauti zetu bila kumdhihaki mtu. Kisha tazama habari za mashahidi wa Uganda wa miaka ya 1885 hadi 1887. Siku ya tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja huko Namugongo. Kitabu kinachotaja upande mmoja tu kimesimulia nusu ya habari.

Nne, je, kitawafaa watoto wangapi kwa pamoja? Vitabu vingine hutaka kila mtoto awe na kitabu chake na somo lake. Mama aliyetoka kazini amechoka, na chakula bado kiko jikoni, hataweza kufundisha masomo matatu. Tafuta kitabu chenye masimulizi ambayo wote wanaweza kuyasikiliza.

Simulizi moja, kazi tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa kila mtoto sura yake. Mdogo alilia, wa kati alisinzia, na mkubwa alimaliza haraka akaondoka. Sasa nasoma simulizi moja tu kwa wote kwa dakika 15, kisha kila mmoja anapata kazi ya umri wake.

Chukua mfano wa Perpetua. Alikuwa mama kijana wa Karthago, katika Tunisia ya leo, aliyekuwa akinyonyesha alipofungwa kwa ajili ya imani. Baba yake alimsihi sana aikane, naye akakataa. Aliandika habari zake mwenyewe akiwa gerezani. Pamoja naye alikuwako Felisita, mtumwa, ambaye alijifungua mtoto wa kike humo humo gerezani. Wote wawili waliuawa mwaka 203.

Mtoto wa miaka 5 asikilize kwa ufupi, achore picha ya mama na mtoto wake, na aseme jambo moja alilolikumbuka. Usimweleze jinsi walivyouawa. Mtoto wa umri huo huota usiku yale aliyoyasikia jioni. Inatosha ajue kwamba walimpenda Yesu hata kufa. Yule wa miaka 9 asimulie habari yote kwa maneno yake mwenyewe, bila kutazama kitabu. Akiweza kusimulia, ameelewa. Yule wa miaka 14 asome zaidi na kuandika ukurasa mmoja: kwa nini watawala waliwaogopa wanawake wawili wasio na silaha? Je, baba yake Perpetua alimpenda binti yake? Wewe msikilize, usikimbilie kumsahihisha.

Kamba ya miaka

Funga kamba ukutani. Kila shubiri moja ihesabiwe kuwa miaka mia, tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu hadi leo. Kila juma andikeni jina na mwaka kwenye kipande cha karatasi, mkibandike mahali pake. Haina gharama, na hata mtoto asiyejua kusoma ataona nani alitangulia.

Wakati wa likizo waongezee somo la nyumbani kwenu. Watume kwa bibi na babu waulize: katika ukoo wetu, nani alibatizwa kwanza? Nani alimfundisha? Waandike majibu kwenye daftari. Vitabu vingi huwataja wamisionari na kuwaacha wenyeji waliohubiri pamoja nao. Cecil Majaliwa, kwa mfano, alipata upadri wa Anglikana mwaka 1890, akawahudumia Wayao huko Chitangali, kusini mwa Tanzania.

Mwishoni mwa mwaka tulifika kwa Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na kwa Livingstone. Kijana wangu alibandika karatasi zao katika shubiri ya kumi na tisa. Kisha akarudi nyuma akihesabu kwa mkono wake mpaka kwa yule Mkushi, katika shubiri ya kwanza. Hakusema neno, ila alisimama pale muda mrefu.

Nami nikampa jibu nililokuwa nikimdai. Ni kweli kwamba huku kwetu Injili ilichelewa kuhubiriwa. Lakini barani Afrika haikuwa ngeni, na Matendo 17:26–27 yanatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeyapangia mataifa yote nyakati zao, wala hayuko mbali na mtu yeyote.

Mama mpendwa, usingoje mpaka upate kitabu kilicho kamili. Juma hili tafuta kamba, uanze na Matendo 8. Bwana akusaidie.