Shahamu Iizungukayo Mishipa

Mchinja mbuzi wa Piyaya, katika nyika za Ngorongoro, apasuapo tumbo huuona mshipa mnene wa damu umelala ndani ya shahamu nyeupe, wala hadhani kwamba shahamu ile ina kazi zaidi ya kunonesha supu. Kumbe shahamu hiyo hutoa kemikali ziamrishazo mishipa itanuke, isinyae au ichipuze.

Kuhusu kuchipuza huko kwa mishipa, mwaka 1971 tabibu wa Marekani, Judah Folkman, alitoa rai kwamba uvimbe wa saratani hauzidi milimita chache pasipo kujipatia mishipa mipya. Nao uvimbe, kwa hila ambayo sina budi kuistaajabia, huzilegeza seli zikumbatiazo mishipa midogo, ziitwazo perisaiti, hata damu ikavuja ovyo na dawa isifike ilikokusudiwa.