Mbona radi hupiga Kericho jioni, lakini Ziwa Victoria ni usiku?

Kama uko na brathe anavua omena usiku, soma hii. Mchana nchi kavu hushika joto haraka kuliko ziwa, so upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukipanda milima ya Nandi, Kericho na Kisii. Saa tisa, saa kumi hivi: ngurumo, na saa zingine mvua ya mawe inachana majani chai. Usiku mambo hugeuka. Upepo wa nchi kavu unateremkia ziwani kutoka pande zote, unagongana hapo katikati, na ngori inaanza wavuvi wakiwa majini na taa zao.

Hiyo ratiba watu wa Kenya Met wanaijua, ndio maana wanaweza kukushow mapema upande gani wa ziwa ni hatari. Wingu gani litalipuka, hiyo hungoja picha za setilaiti. So mcheki brathe kabla asukume boti, si saa saba usiku akiwa mteja.