Posho za safari majimboni Marekani: ‘Nyumbani’ ni wapi?

Gavana wa jimbo moja la Marekani aliwahi kulipwa posho ya kujikimu kwa siku 312 alizolala katika nyumba yake mwenyewe, na maofisa wake wakasisitiza kuwa hakuna kanuni iliyokiukwa.

Kisa hicho kiliibuliwa na gazeti la Washington Post Septemba 2008. Kilimhusu Sarah Palin, wakati huo Gavana wa Alaska na mgombea mwenza wa John McCain wa chama cha Republican katika uchaguzi wa Rais. Katika miezi 19 ya kwanza ya utawala wake, Palin alilipwa dola 16,951 kwa siku hizo.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Kituo chake cha kazi, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, kilikuwa Juneau, makao makuu ya jimbo, mji usiofikika kwa barabara kutoka sehemu nyingine za Alaska. Nyumba yake ilikuwa Wasilla, takriban kilomita 900 kutoka hapo. Kwa hiyo kila alipokuwa Wasilla, na mara nyingi akifanya kazi katika ofisi ya Anchorage iliyo mwendo wa gari kutoka kwake, karatasi zilimtambua kuwa yuko safarini.

Februari 2009 serikali ya jimbo ilieleza kuwa fedha hizo zilipaswa kuhesabiwa kama mapato yanayotozwa kodi. Kwa lugha nyingine, mtu aliye nyumbani kwake hajasafiri, hata kama kituo chake cha kazi kimeandikwa kwingine.

Suala hilo ndilo kiini cha mjadala wa marejesho ya gharama za safari katika majimbo 50 ya nchi hiyo. Kiwango cha fedha huzua kelele, lakini jambo linaloamua nani alipwe ni mahali panapotajwa kuwa makazi yake na mahali panapotajwa kuwa kituo chake cha kazi.

Zipo njia mbili za kulipa. Ya kwanza ni mtumishi kutumia fedha, kuwasilisha stakabadhi na kurejeshewa alichotumia, kwa kiwango kisichozidi ukomo uliowekwa. Ya pili ni posho ya siku isiyobadilika, ambayo mhusika huipokea bila kuulizwa alilala hoteli gani au alikula nini. Watetezi wa njia ya pili husema inapunguza makaratasi na haimshawishi mtu kuchagua hoteli ya ghali. Hoja hiyo ina uzito, ila ina kasoro moja kubwa: aliyefikia kwa rafiki bila kulipa senti analipwa sawa na aliyelipia chumba.

Majimbo mengi hutazama viwango vya serikali kuu, ambavyo hupangwa upya kila mwaka wa fedha unaoanza Oktoba mosi. Kwa mwaka wa fedha wa 2025, kiwango cha kawaida kilikuwa dola 110 kwa malazi na dola 68 kwa chakula na matumizi madogo madogo, huku miji yenye gharama kubwa ikipangiwa zaidi. Siku ya kuondoka na ya kurejea, posho ya chakula hulipwa robo tatu tu.

Kwa upande wa kodi, marejesho hayahesabiwi kuwa mapato iwapo safari ni ya kikazi, mhusika ametoa maelezo ya matumizi kwa wakati, na fedha iliyozidi imerudishwa. Muda wa siku 60 hukubalika kwa kutoa maelezo hayo.

Wabunge wa majimbo wana mlango wao wa pekee. Sheria ya kodi ya mwaka 1981 inamruhusu mbunge anayeishi zaidi ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka jengo la Bunge kuchagua kuhesabiwa kuwa yuko safarini kila siku ya kibunge. Siku hizo hujumuisha hata mapumziko ya katikati ya kikao yasiyozidi siku nne mfululizo. Anayeishi ndani ya umbali huo hana haki hiyo, hata akimaliza vikao usiku wa manane.

Katika baadhi ya majimbo posho ndiyo hasa inayombeba mbunge. Texas humlipa mshahara wa dola 600 kwa mwezi. Katika kikao cha kawaida cha mwaka 2021, chenye ukomo wa siku 140, posho ilikuwa dola 221 kwa siku, sawa na dola 30,940 iwapo kikao kingefika mwisho. Julai mwaka huo, wabunge zaidi ya 50 wa chama cha Democratic waliposafiri hadi Washington ili kuvunja akidi ya kikao maalumu, Spika Dade Phelan aliwataka warudishe posho hiyo.

New Hampshire ni kinyume chake. Mbunge hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa tangu 1889, pamoja na fedha za mwendo wa gari. Ni rahisi kuusifu ubahili huo, lakini mfanyakazi wa kima cha chini hawezi kuumudu ubunge wa namna hiyo.

Mtumishi wa kawaida naye ana adha yake. Mkaguzi wa barabara au ofisa ustawi wa jamii mara nyingi hutanguliza fedha zake mfukoni, kisha husubiri fomu zipite mezani kwa wakubwa.

Alaska yenyewe ilijaribu kuigeuza posho kuwa fimbo. Sheria iliyopitishwa 2018 inamnyima mbunge posho baada ya siku 121 za kikao iwapo bajeti haijapitishwa. Mwaka uliofuata bajeti ilichelewa, malipo yakasimama, na ilipopita baadhi ya wabunge walidai posho ya siku zilizokwishapita, wakalipwa.