Hati za Tovuti Zitolewazo bila Malipo, na Skripti Izihuishayo

Neno "cheti cha usalama" limekwisha kuingia katika Kiswahili cha kompyuta, na husomwa kila siku na watu ambao pengine hawakupata kuulizana maana yake. Mtu afunguapo tovuti ambayo cheti chake kimepitwa na muda, kivinjari humzuia mlangoni na kumwonya kwamba aendako si salama. Akirudi juma la pili akakuta onyo limeondoka, hajui ni nani aliyeliondoa wala kwa kazi gani. Katika makala haya nakusudia kueleza kitu hicho ni nini, jinsi kipatikanavyo bila malipo, na jinsi kazi ya kukiomba ilivyotolewa mikononi mwa watu ikakabidhiwa skripti fupi iamkayo usiku na kufanya kazi yenyewe. Jina lake nalo nitalijadili, maana naona kwamba neno "usalama" hapa laahidi zaidi ya kile kinachotolewa.

Barua isiyo na bahasha huweza kusomwa na kila mchukuzi. Ndivyo ilivyo habari itokayo katika seva kwenda kwa msomaji, kwa kuwa hupita katika mashine nyingi za watu wengi. Dawa iliyopatikana ni maandishi ya fumbo. Seva huwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja: mmoja wa siri, usiotoka nje, na mmoja wa wazi, ambao kila mtu hupewa. Kilichotiwa sahihi kwa ule wa siri huthibitika kwa ule wa wazi, na kwa njia hiyo pande mbili huweza kupatana siri ya mazungumzo yao hata mbele ya wasikilizaji. Lakini atajuaje msomaji kwamba ufunguo wa wazi aliopewa ni wa tovuti aitakayo, wala si wa mtu aliyesimama njiani akajifanya ndiye? Hapo ndipo inapohitajiwa hati. Hati ni maandishi mafupi yenye jina la tovuti, ufunguo wake wa wazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na sahihi ya mtoaji ambaye kivinjari kimekwisha kumwamini tangu kilipotengenezwa.

Wasomaji wa jarida hili waliozoea nyaraka za pwani wataona upesi mfano wa muhuri. Muhuri juu ya waraka wajulisha umetoka kwa nani. Hauthibitishi kwamba aliyeuandika asema kweli. Na muhuri wenyewe una thamani maadamu mwenye kuutunza ni mwaminifu. Mwaka 2011 mtoaji mmoja wa Uholanzi, DigiNotar, aliingiliwa na wezi wa mtandao, na hati ya uwongo yenye jina la Google ikatolewa, ikatumiwa kuwapeleleza watu wa Iran waliodhani kwamba wasoma barua zao kwa faragha. Vivinjari vilimfuta mtoaji huyo katika orodha zao, naye akafilisika mwaka huo huo.

Hapo zamani hati zilinunuliwa. Mwenye tovuti alijaza fomu, akalipa, akangoja barua, kisha akaiweka hati katika seva kwa mkono wake, na kazi hiyo ikamrudia kila mwaka au baada ya miaka kadhaa. Wenye fedha walifanya hivyo. Wengine, yaani vyama vidogo, shule, na majarida ya wataalamu yasiyouza kitu, waliacha tovuti zao wazi. Mwaka 2013 liliundwa huko California shirika lisilotafuta faida, Internet Security Research Group, ambalo lilitangaza mwezi wa Novemba mwaka 2014 kwamba litaanzisha mtoaji wa hati atakayetoa bure kwa kila mtu. Mtoaji huyo ni Let's Encrypt. Hati yake ya kwanza ilitolewa tarehe 14 Septemba 2015, mlango ukafunguliwa kwa watu wote tarehe 3 Desemba mwaka huo, na kufika Februari 2020 hati zilizotolewa zilikwisha kutimia bilioni moja.

Hesabu kubwa namna hiyo haikuwezekana kwa fomu na karani. Waanzilishi walikata shauri kwamba hapana mtu atakayeketi kati ya mwombaji na mtoaji, bali mashine itasema na mashine kwa lugha iliyowekewa kanuni. Lugha hiyo ni ACME, nayo ilipitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwezi wa Machi 2019. Kisha wakaufanya muhula wa hati kuwa siku 90 tu. Watu walinung'unika, lakini shauri hilo lilikuwa na akili: ufunguo ulioibwa haumfai mwizi kwa muda mrefu, na mwenye tovuti aliyechoka kuomba hati kwa mkono mara nne kwa mwaka hana budi kuitafuta mashine imfanyie.

Mashine hiyo yaweza kuwa programu kubwa. Programu ya kwanza iliyotolewa pamoja na huduma hii, ambayo tangu mwaka 2016 yaitwa Certbot, imeandikwa kwa lugha ya Python na huhitaji vikorokoro vingi. Mafundi wengine walipendelea njia nyepesi, wakaandika skripti za ganda. Ganda ni ile programu ipokeayo amri za mtumiaji na kuzipeleka kwa kiini cha mfumo. Waliolipa jina hilo walitazama kwamba limekizunguka kiini kama ganda la tunda. Amri zile zile ambazo mtu angeziandika moja moja huweza kuandikwa katika faili moja zikafuatana, na faili hiyo ndiyo skripti. Mashuhuri katika jamii hii ni acme.sh na dehydrated. Hii ya pili yahitaji zana ambazo karibu kila seva ya Linux inazo: curl ya kusemezana na mtandao, OpenSSL ya kazi za funguo na sahihi, na zile zana kongwe za kuchambua maandishi, grep, sed na awk. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, si wepesi, bali ni kwamba mtu mwenye subira aweza kuisoma yote tangu mwanzo hadi mwisho na kujua inafanya nini.

Na tuifuate kazini. Kwanza skripti huzaa ufunguo wa akaunti, ambao ndio utakaomtambulisha mwombaji kwa mtoaji. Ufunguo huu si ule wa tovuti, na kuchanganya hizi mbili ni chanzo cha taabu nyingi. Kila ujumbe utokao hutiwa sahihi kwa ufunguo wa akaunti, na ndani yake hutiwa neno la kutumika mara moja tu ambalo mtoaji alilitoa katika jibu lake lililotangulia, ili mtu aliyenasa ujumbe wa jana asiweze kuurudia leo. Kisha skripti hupeleka ombi: nataka hati ya jina fulani. Mtoaji hamkubalii wala hamkatalii, bali humpa mtihani. Humpa neno refu lisilobashirika na kumwambia: likiwa jina hili u mwenye mamlaka nalo, liweke neno hili mahali fulani katika tovuti yenye jina hilo. Skripti huliunganisha neno hilo, kwa nukta, na alama iliyokokotolewa kutokana na ufunguo wa akaunti, huliandika katika faili ndogo chini ya njia iitwayo /.well-known/acme-challenge/, kisha humwarifu mtoaji: nipo tayari. Mtoaji huja mwenyewe kuitazama faili, na tangu mwaka 2020 huja kutoka pande mbalimbali za mtandao kwa wakati mmoja, ili mlaghai aliyeipotosha njia moja asiweze kumdanganya.

Mtihani ukishinda, skripti huzaa ufunguo wa tovuti, hupeleka ombi la mwisho lenye ufunguo wa wazi, hushusha hati iliyotiwa sahihi, na huifuta ile faili ya mtihani.

Kuna mtihani wa namna nyingine, ambao neno huwekwa katika kumbukumbu za majina ya mtandao badala ya tovuti yenyewe. Huo ndio wa pekee umwezeshao mtu kupata hati moja ya majina yote yaliyo chini ya kikoa chake, jambo ambalo Let's Encrypt ilianza kulitoa mwezi wa Machi 2018. Lakini skripti ishindayo mtihani huu kwa nguvu zake yenyewe ni lazima ipewe idhini ya kubadili kumbukumbu za majina, na idhini hiyo ni kubwa kuliko hati inayotafutwa. (Neno "kikoa" lenyewe lina safari ya kuchekesha: katika matumizi ya zamani ni chakula cha shirika, ambacho watu hula pamoja kwa zamu, na sasa ni milki ya jina moja chini ya mwenyewe mmoja.)

Baada ya hapo kazi hukabidhiwa cron, mlinzi wa saa katika mifumo ya Unix, aiamshe skripti kila siku. Siku nyingi skripti huamka, hutazama tarehe ya kwisha, huona muda bado, hulala. Hapa ndipo yanapotokea makosa yasiyo na kelele. Lililo maarufu kuliko yote ni hili: hati mpya imepatikana na imehifadhiwa, lakini seva haikuambiwa isome upya faili zake, nayo yaendelea kuionyesha ile ya zamani hadi siku inapokwisha. Mwenye tovuti hutazama faili akaiona njema, hutazama kivinjari akaona onyo, akadhani amerogwa. Kwa hiyo skripti njema humwamuru seva asome upya mara tu hati inapobadilika, wala haiandiki juu ya hati ya zamani mpaka ile mpya imekwisha kukaguliwa. Majaribio nayo yafanywe kwa mtoaji wa mazoezi, ambaye Let's Encrypt imemweka kwa ajili hiyo, maana kwa yule wa kweli jina moja likishindwa mtihani mara 5 katika saa moja, hufungiwa mlango kwa muda.

Wengi walizoea kuandika katika skripti kwamba hati ihuishwe zibakipo siku 30. Tarakimu hiyo sasa ni ya hatari. Mwezi wa Aprili 2025 baraza la watoaji hati na watengenezaji wa vivinjari lilipiga kura kwamba muhula mrefu kabisa wa hati upunguzwe kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029, na Let's Encrypt nayo ilitangaza mwaka huo huo kwamba hati zake zitashuka hadi siku 45. Afadhali skripti ihesabu theluthi ya muhula, wala isishike tarakimu. Tena ile barua pepe ambayo Let's Encrypt ilikuwa ikipeleka kuwakumbusha watu kwamba hati yakaribia kwisha ilisimamishwa mwezi wa Juni 2025. Asiyekuwa na mlinzi wake mwenyewe hatakumbushwa na mtu.

Je, skripti yenyewe yaaminiwa kwa nini? Mwezi wa Juni 2023 iligunduliwa kwamba wakala mmoja wa hati, aliyejiita HiCA, aliwataka wateja wake watumie acme.sh peke yake. Sababu yake ilikuwa ya ajabu. Seva ya wakala huyo, mahali pa kupeleka neno la mtihani, ilipeleka amri, na acme.sh ilikuwa na mahali ilipochukua maneno ya mtoaji na kuyapa ganda liyatekeleze bila kuyakagua. Hivyo mashine ya mteja ilitii amri za mgeni. Kasoro hiyo iliondolewa katika toleo la 3.0.6. Skripti za namna hii aghalabu huendeshwa kwa mamlaka yote ya mfumo, hali hazihitaji kuwa nayo: dehydrated, kwa mfano, yaweza kuendeshwa na mtumishi mnyonge asiye na ruhusa ila ya kuandika katika folda mbili tatu.

Sasa nalirudia jina. Mtihani nilioueleza unathibitisha jambo moja tu, kwamba mwenye ufunguo huu anayo mamlaka juu ya jina hili. Mlaghai aliyesajili jina linalofanana na la benki huupita sawasawa na benki yenyewe, hupewa hati ile ile bila malipo, na kivinjari hakimwonyi mtu. Anayesoma maneno "cheti cha usalama" katika ukurasa wa mlaghai huyo amedanganywa mara mbili, ya kwanza na mlaghai, ya pili na wafasiri. Napendekeza tuseme "hati ya utambulisho wa tovuti". "Cheti", ambalo asili yake ni Kihindi, laweza kubaki kwa wanaolipenda, ingawa kwangu lanukia ofisi ya daktari na sanduku la shule. "Hati", lililotoka katika neno la Kiarabu la mwandiko, lachukua vizuri zaidi maana ya maandishi yenye sahihi. "Shahada" lingefaa kwa maana yake ya ushuhuda, lakini limekwisha kutwaliwa na vyuo vikuu.

"Bure" nalo lataka uangalifu, kwani husemwa pia juu ya kitu kisicho na faida, na nimeona afadhali "bila malipo" katika kichwa cha makala. Na kuhusu "kuhuisha", ambalo nimelitumia kwa kuwa mafundi wamelizoea: katika kanuni za ACME hapana tendo hilo. Skripti iamkapo usiku hupeleka ombi jipya, hupewa mtihani mpya, hutoka na hati mpya yenye namba yake, na ile ya zamani huachwa ife kwa tarehe yake.